Shajara ya mradi: grei 10 kwa mkupuo, grei 10 kwa migao, na jeni za seli za saratani

Februari, mwanzo

Swali la mradi ni hili. Seli za saratani zikipigwa grei 10 za mionzi (grei ni kipimo cha dozi) kwa mkupuo, na nyingine za aina ileile zikapewa grei 10 hizohizo kidogo kidogo kwa siku kadhaa, je, jeni zinazoamka ni zilezile?

Mgonjwa wa kawaida wa tiba ya mionzi hapewi mkupuo. Hupewa mgao mdogo, mara nyingi wa grei 2, siku tano za wiki, kwa wiki nyingi. Maabara, kinyume chake, imezoea kupiga seli mara moja kwa dozi kubwa kisha kutoa mRNA, yaani nakala zinazoonyesha jeni ipi iko kazini, siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu kazi ni nyepesi na mashine haikaliwi wiki nzima. Matokeo yake, sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu jeni na mionzi imetoka kwenye ratiba ambayo wagonjwa wengi hawaipitii kamwe. Jambo hili linanisumbua, na ndilo lililotukutanisha, mimi wa upande wa uchambuzi wa data na dada mmoja wa fizikia ya tiba.

Nguzo yetu ni utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na timu ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, wakiwemo Norman Coleman, James Mitchell na Eric Chuang. Walichukua seli za MCF7 za saratani ya matiti, DU145 za tezi dume na SF539 za uvimbe wa ubongo, wakazipa grei 10 kwa mkupuo au grei 2 mara tano, mgao mmoja kila siku. Kisha walitoa mRNA saa 1, 4, 10 na 24 baada ya mionzi. Jibu lao lilikuwa wazi: picha za jeni hazilingani, na kwenye sahani za maabara migao iliamsha jeni kwa nguvu zaidi kuliko mkupuo.

Kwa sasa hatutengenezi data mpya. Tunasoma upya yaliyochapishwa, tunapiga hesabu, tunajaribu mpango wa uchambuzi kwenye kompyuta, na tunaandaa jaribio letu wenyewe.

Februari, katikati

Leo ni kuzifahamu seli zenyewe, maana seli hizi zinatofautiana kwa asili na si kwa jina tu. MCF7 zilitolewa kwenye maji ya kifuani ya mgonjwa wa saratani ya matiti huko Detroit na kutangazwa mwaka 1973. Jina lao ni kifupi cha taasisi iliyozikuza, Michigan Cancer Foundation. DU145 zilitoka kwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi kwenye ubongo. PC3, seli nyingine za tezi dume tutakazokutana nazo baadaye, zilitoka kwenye ile iliyosambaa hadi kwenye mfupa.

La kuzingatia zaidi ni p53. Protini hii ndiyo msimamizi mkuu wa seli iliyojeruhiwa DNA: huamuru seli isimame ijitengeneze, au ife. MCF7 wana p53 nzima. DU145 wana p53 iliyoharibika. PC3 hawana kabisa. Kwa hiyo nikiona CDKN1A na MDM2, jeni mbili zinazotii amri ya p53, zinapanda kwenye MCF7 na kunyamaza kwenye DU145, najua mpango wangu wa uchambuzi unasoma sawasawa. Nikiona kinyume, nasimamisha kazi na kukagua lebo za sampuli kabla ya kitu kingine chochote.

Machi, mwanzo: hesabu ya dozi

Dada wa fizikia alisisitiza tusitaje jeni hata moja kabla ya kupiga hesabu hii. Nimeelewa kwa nini.

Wataalamu wa mionzi hutumia modeli yenye sehemu mbili: madhara yanayopanda sambamba na dozi, na madhara yanayopanda kwa mraba wa dozi. Uwiano wa sehemu hizo huitwa alfa kwa beta, na kila tishu ina wake. Dozi sawia ya kibiolojia hupatikana hivi: jumla ya dozi × (1 + dozi ya mgao mmoja ÷ alfa kwa beta).

Tukichukua alfa kwa beta ya 10, inayotumiwa kwa uvimbe mwingi, grei 10 za mkupuo zinakuwa 20, grei 2 mara tano zinakuwa 12, na grei 1 mara kumi zinakuwa 11. Tukichukua 3, mkupuo unaruka hadi 43.3, huku migao ikibaki 16.7 na 13.3. Kwa saratani ya tezi dume, ambayo kwa wagonjwa hukadiriwa kuwa na uwiano mdogo, tuseme 1.5, mkupuo unafika 76.7 na grei 2 mara tano zinaishia 23.3. (Modeli hii hubishaniwa inapofika kwenye dozi kubwa za mkupuo, na seli za sahani si tezi ya mtu. Nazitumia namba hizi kuonyesha mwelekeo.)

Hapa ndipo matokeo ya mwaka 2007 yanapoanza kunishika kweli. Kwa hesabu yoyote kati ya hizi, mkupuo ndio wenye uharibifu mkubwa zaidi. Ingekuwa jeni zinafuata ukubwa wa jeraha tu, mkupuo ndio ungeamsha nyingi. Lakini ni migao iliyoamsha kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachoongoza jeni hizi zaidi ya kiasi cha jeraha.

Machi, mwisho: mapigo ya p53

Nimetumia muda mrefu kwenye jambo hili na sijutii. Mwaka 2004 kundi la Uri Alon na Galit Lahav lilitazama p53 ndani ya seli moja moja za MCF7 baada ya mionzi. Waliona kwamba p53 haipandi ikatulia juu, bali hupiga mapigo: inapanda, MDM2 inaibomoa, inashuka, inapanda tena, kila baada ya saa kadhaa. Dozi ikiongezeka, kinachoongezeka ni idadi ya mapigo. Kimo cha pigo moja hakibadiliki sana.

Sasa rudi kwenye saa 1, 4, 10 na 24. Saa 4 huenda ikakukuta ukingoni mwa pigo la kwanza, saa 10 karibu na la pili, na kufika saa 24 seli zimeshapishana, kila moja na mdundo wake. Tukisaga seli milioni na kupima mRNA yao kwa pamoja, tunapata wastani wa umati usiopiga makofi kwa wakati mmoja. Kwenye migao hali ni nyingine: kila siku mgao mpya unazianzisha seli upya kwa pamoja. Inawezekana basi jeni fulani ya p53 ikaonekana iko juu zaidi kwenye migao kwa sababu tu seli zake zimepangwa upya muda mfupi uliopita, ilhali kazi iliyofanyika kwa jumla ni ndogo kuliko ya mkupuo.

Nimeandika kwa wino mwekundu kwenye mpango wetu: kwa jeni za p53 tupime saa nyingi zaidi ndani ya siku ya mwisho, si saa nne tu.

Aprili: majina ya jeni

Kazi ya mikono leo. Jeni zilizoamshwa na migao peke yake kwenye orodha ya 2007 ni pamoja na STAT1, OAS1, OAS3, IFITM1, G1P2 na G1P3. Majina mawili ya mwisho yameshabadilishwa: G1P2 leo ni ISG15, na G1P3 ni IFI6. Programu ya uchambuzi inayotafuta majina mapya haitazikuta jeni hizi, na itazidondosha kimyakimya bila onyo. Fikiria ukipoteza namna hiyo jeni mbili kati ya zile zinazobeba hoja nzima.

Vilevile sifungui orodha za jeni kwenye programu ya majedwali. Jeni iliyokuwa ikiitwa MARCH1 iligeuzwa tarehe ya mwezi wa tatu kwenye majedwali ya watu wengi mno, hadi kamati ya majina ya jeni ikaibadilisha kuwa MARCHF1. Anayeanza kazi hii ahifadhi namba za utambulisho za jeni, majina ayaweke pembeni kama lebo.

Mei, mwanzo: saa inaanzia wapi?

STAT1, OAS1, ISG15, IFI6: hizi zote ni jeni za intaferoni, silaha ambazo seli huziinua inapohisi virusi. Hapakuwa na virusi kwenye sahani zile. Nilikuwa namweleza dada wa fizikia kwa furaha kwamba migao inaamsha kinga na mkupuo hauamshi, akaniuliza, “Kaka, hiyo saa 24 unaihesabu kutoka mgao upi?”

Kutoka mgao wa mwisho. Migao mitano, mmoja kila siku, inaangukia saa 0, 24, 48, 72 na 96. Ongeza saa 24 za kusubiri, unapata saa 120 tangu seli zilipopigwa mara ya kwanza. Seli za mkupuo, kwa lebo hiyohiyo ya “saa 24”, zina saa 24 tu tangu zijeruhiwe. Lebo ni moja, umri wa jeraha ni mwingine kabisa.

Na kwa intaferoni umri wa jeraha ni jambo kubwa. Mwaka 2017 makundi mawili tofauti yalionyesha kwenye jarida la Nature njia inavyokwenda. Seli yenye DNA iliyovunjika ikijigawa kabla haijamaliza kujitengeneza, vipande vya kromosomu hubaki nyuma na kufungiwa ndani ya viini vidogo pembeni ya kiini kikuu. Utando wa viini hivyo ni dhaifu, hupasuka. DNA inaanikwa mahali isipotakiwa kuwa, kihisi kiitwacho cGAS kinaikamata, kinampa taarifa STING, protini inayopokea ishara yake, na intaferoni inaanza. Shughuli yote hiyo inahitaji seli ipite kwenye mgawanyiko, na ishara huonekana baada ya siku kadhaa. Seli iliyopigwa grei 10 jana huenda bado imesimama kabla ya kujigawa, inahangaika na majeraha yake. Haijapata nafasi ya kutengeneza viini vidogo.

Kwa hiyo kuna maelezo mawili, na data ya saa 24 haiwezi kuyatenganisha. Huenda ni migao yenyewe: dozi ndogo inaiacha seli iendelee kujigawa huku ikiwa na majeraha, na kila mgao unaongeza vipande. Au huenda ni muda tu: hata mkupuo ungeamsha intaferoni, kama tungeusubiri hadi siku ya tano.

Sisemi kwamba utafiti wa 2007 ulikosea. Ulijibu swali lililoulizwa, miaka kumi kabla ya njia ya viini vidogo kujulikana hivyo. Nasema kwamba swali letu la leo linahitaji safu moja zaidi ya sahani.

Mei, katikati: jaribio la kompyuta

Nilitaka kuona uzito wa tatizo hili, basi nikatengeneza data ya kubuni. Niliunda jeni ambazo hazijali ratiba hata kidogo. Zinapanda kufuatana na saa tangu pigo la kwanza, kuanzia siku ya tatu. Nikaongeza kelele ya kawaida ya vipimo, kisha nikaichambua kwa limma, kifurushi tunachokitumia cha R (lugha ya kompyuta ya takwimu), kwa kulinganisha “saa 24 baada ya mgao wa mwisho” na “saa 24 baada ya mkupuo”.

Uchambuzi ulizitangaza jeni hizo kuwa jeni za migao. Marekebisho ya ugunduzi wa uongo hayakusaidia chochote, na hayakupaswa kusaidia: yanakinga dhidi ya bahati nasibu, hayakingi dhidi ya ulinganisho usio wa haki. Nilipoongeza sahani za mkupuo zilizosubiriwa hadi saa 120, tofauti ikatoweka, kama inavyotakiwa.

Jaribio hili halisemi chochote kuhusu seli halisi. Linasema kwamba mpangilio wa kawaida unaweza kukupa jibu la “ratiba” hata pale jibu la kweli ni “muda”.

Mei, mwisho

Mambo mawili mafupi.

La kwanza ni Trex1. Mwaka 2017 pia, watafiti wa New York walionyesha kwamba dozi za mkupuo zinazozidi grei 12 hadi 18, kutegemea aina ya seli, huamsha kimeng’enya hiki, nacho hula DNA iliyovuja na kuzima ishara ya intaferoni. Kwenye panya, grei 8 mara tatu ziliamsha kinga, grei 20 za mkupuo hazikuamsha. Ni maelezo mazuri ya ushindi wa migao, ila grei 10 zetu ziko chini ya kizingiti hicho. Tutapima TREX1 kwa usalama, lakini siitegemei kuwa jibu.

La pili ni panya. Timu ya 2007 iliwapandikiza panya seli za DU145 na kurudia ratiba zote mbili. Jeni zilizoamka zilikuwa tofauti kabisa na zile za kwenye sahani. Hili linanifanya niwe mwangalifu na kila sentensi ninayoandika kuhusu “saratani ya tezi dume” wakati nilichonacho ni seli kwenye plastiki, zenye oksijeni tele na lishe ya kutosha.

Juni, mwanzo: kona ya mgao wa sita

Mwaka 2010 kundi lilelile la Coleman lilichapisha utafiti wa PC3 na DU145 kwa ratiba tatu: grei 10 kwa mkupuo, 2 mara tano, na 1 mara kumi. Tena migao ilibadilisha jeni nyingi zaidi, na PC3 waliitikia kwa nguvu kuliko DU145. Kwa PC3, jeni za kinga na za msongo zilipanda. Kisha wakafanya jambo ninalolipenda sana: walifuatilia jeni mgao hadi mgao, wakaona kona kati ya mgao wa sita na wa nane, mahali usomaji wa jeni unapogeuka. Wakaingiza perifosine, dawa ya kuzuia AKT (protini inayoisaidia seli kuishi), baada ya migao minane, na seli zikafa zaidi kuliko baada ya mkupuo.

Wazo hilo ndilo linalonifanya niendelee na mradi huu. Kama migao inaisukuma seli hadi mahali inapotegemea njia moja ya kuishi, basi ratiba ya mionzi inaweza kuandaa njia ya dawa. Lakini ili kuipata kona hiyo ni lazima kupima njiani. Anayepima mwisho wa safari peke yake ataona kilele au bonde, hatajua seli zilipitia wapi.

Juni, katikati: hospitalini

Dada wa fizikia alinipeleka nikaone ratiba za wagonjwa, bila majina. Kwa saratani ya tezi dume, jaribio la CHHiP la Uingereza, lililotoka mwaka 2016, lilionyesha kwamba grei 60 kwa vipindi 20 hazipitwi na grei 74 kwa vipindi 37 katika kuzuia ugonjwa usirudi. Kwa alfa kwa beta ya 1.5, dozi sawia ni 180 na 173 hivi. Hesabu na matokeo yanaelekea upande mmoja. Kwa matiti, FAST-Forward la mwaka 2020 lilishusha tiba hadi grei 26 kwa vipindi vitano ndani ya wiki moja.

Vipindi 37 ni zaidi ya wiki saba. Kwa mzee aliyetoka Kigoma kuja Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, hizo ni wiki saba za kulala kwa ndugu, nauli ya daladala kila asubuhi, na shamba lisilo na mtu. Vipindi 20 ni wiki nne. Na mashine ileile inahudumia watu wengi zaidi. Ratiba fupi zitazidi kuja, na ni jambo jema. Ila kila mgao unavyokuwa mkubwa, tunasogea mbali na grei 2 za kila siku kuelekea upande wa mkupuo, na bado hatujui vya kutosha jeni zinafanya nini katikati ya safari hiyo. Grei 3 kwa kipindi? Grei 5.2? Seli zimepimwa sana kwenye ncha mbili, kidogo sana hapo kati.

Seli kwenye sahani hazitaamua ratiba ya mgonjwa yeyote. Zinaweza kutuonyesha pa kuangalia.

Juni, mwisho: mpango wa sahani

Tumekubaliana hivi. DU145 na MCF7 kwanza, PC3 baadaye. Ratiba nne: mkupuo wa grei 10, grei 5 mara mbili, grei 2 mara tano, na seli zisizopigwa. Hizo za mwisho zitabebwa hadi kwenye mashine kila siku na kurudishwa bila kupigwa, ili baridi ya njiani na kutikiswa visije vikasomeka kama mionzi. Zitapandwa chache zaidi mwanzoni, maana kufika siku ya tano seli zisizopigwa huwa zimebanana, na kubanana peke yake hubadilisha jeni.

Kila ratiba itapimwa kwa saa mbili: saa tangu pigo la kwanza na saa tangu pigo la mwisho. Mkupuo utatolewa sampuli saa 24 na tena saa 120. Migao itatolewa sampuli kabla ya kila mgao unaofuata, halafu mara kadhaa ndani ya siku ya mwisho kwa ajili ya mapigo ya p53. Kila sahani itahesabiwa seli zilizoshika chini na zilizoelea. Siku ya tano baada ya grei 10, seli nyingi zitakuwa zimekufa na zilizobaki huenda zimevimba na kuwa na viini vingi. mRNA yao ni ya walionusurika, na ni lazima tujue walionusurika ni wangapi kabla ya kuusoma wastani wao. Sehemu ya kila sahani itatiwa rangi ya DNA ili kuhesabu viini vidogo kwa darubini. Kabla ya yote hayo tutapima kama seli zetu bado zina protini za cGAS na STING, kwa kuwa saratani nyingi zimezizima.

Intaferoni ikipanda sawa kwenye mkupuo wa saa 120 na kwenye migao, muda ndio ulioongea. Ikipanda kwenye migao tu, huku viini vidogo vikiwa vingi huko, ni ratiba. Ikipanda kwenye migao wakati viini vidogo vinalingana, njia tunayoitegemea haitoshi, na itabidi turudi kwenye orodha ya jeni zinazohusiana na TGF-beta (protini ambayo seli hupeana ishara nayo), ambayo nayo ilikuwa miongoni mwa jeni za migao mwaka 2007 na hatujaigusa: EGR1, VEGF, THBS1, TGFB2.

Maombi ya muda wa mashine yameshapelekwa. Wiki ijayo naandika msimbo wa kusoma sampuli kwa saa zote mbili, na dada anapima kama mashine inatoa grei 2 zilezile kila kona ya sahani.